Malkia wa sisimizi hutambulika kifuani

Tarehe 7 Mei 2025, Mahakama ya Kahawa jijini Nairobi iliwahukumu watu wanne kulipa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kutumikia kifungo cha miezi 12. Kosa lao, ambalo walilikiri, lilikuwa kupatikana na sisimizi hai. Wawili kati yao, vijana wa Kibelgiji wenye umri wa miaka 19, walikamatwa mwezi Aprili katika nyumba ya wageni huko Naivasha, kaunti ya Nakuru, wakiwa na wadudu wapatao 5,000 waliotiwa ndani ya mirija 2,244 yenye pamba. Wengine wawili, raia wa Vietnam na Mkenya, walikutwa na mia kadhaa katika tukio jingine. Habari ilipoenea wengi walicheka. Nchi iliyozoea kesi za pembe za ndovu na za faru inawezaje kuwapandisha watu kizimbani kwa ajili ya wadudu tunaowakanyaga kila siku njiani? Waliocheka hawakuangalia kilichokuwamo ndani ya mirija ile. Walikuwamo malkia, hasa wa spishi Messor cephalotes, sisimizi wavunaji wakubwa wa Afrika Mashariki, waliookotwa mmoja mmoja na watu waliojua barabara wanachokitafuta.

Hapo ndipo penye udhaifu wetu. Mnunuzi aliyeko Ulaya au China humjua malkia kwa kumtupia jicho tu. Ofisa wa forodha, mkaguzi wa mimea, askari wa kizuizi cha barabarani na mkulima ambaye ardhi yake ndiyo inayopekuliwa, kwa kawaida hawamjui. Mirija elfu mbili haihitaji mtaalamu; yeyote angeishuku. Lakini malkia kumi ndani ya mfuko wa koti ni biashara ileile, na ofisa atakayewakuta itambidi aamue papo hapo kama hawa ni vibarua waliopanda nguo kwa bahati mbaya au ni malkia walioteuliwa kwa ajili ya soko. Naamini uamuzi huo unaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye macho mazuri na lenzi ndogo ya mkononi, mradi afundishwe atazame wapi. Wengi hutazama kichwa, wengine tumbo, na wote hukosea. Malkia hutambulika kifuani, na sheria zetu za kulinda viumbe wadogo zitaendelea kuwa butu mpaka jambo hilo lijulikane nje ya maabara.

Kwanza tuelewane kwa nini anasakwa malkia peke yake. Kundi la sisimizi ni familia ya kike. Vibarua wote, pamoja na wale wenye vichwa vikubwa tunaowaita askari, ni majike, mabinti wa malkia. Madume huzaliwa kwa msimu, hupanda, hufa. Mvua kubwa zinaponyesha, malkia wachanga wenye mabawa hutoka kichuguuni, hupandwa na madume, na mbegu wanazozipokea katika muda huo mfupi huzitunza katika kifuko maalumu mwilini kwa maisha yao yote. Maisha hayo si mafupi. Malkia wa sisimizi mweusi wa bustani za Ulaya, Lasius niger, aliwahi kufugwa akaishi zaidi ya miaka 28. Kibarua hana nafasi hiyo. Katika spishi nyingi hawezi kupandwa, na hata akitaga, yai lake lisilorutubishwa hutoa dume tu. Anayebeba vibarua elfu moja, basi, anabeba kundi linalokufa polepole. Anayebeba malkia mmoja aliyekwisha kupandwa anabeba maelfu ambao hawajazaliwa. Ndiyo maana malkia mmoja wa Messor cephalotes ametajwa kufikia bei ya pauni 170 miongoni mwa wafugaji wa sisimizi wa Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu biashara hiyo nchini China ulihesabu zaidi ya makundi 58,000 yaliyouzwa mtandaoni kwa nusu mwaka, na zaidi ya robo ya spishi zilizouzwa hazikuwa za nchi hiyo.

Sasa tuyatazame makosa. Kosa la kwanza ni kichwa. Mtu akiona msafara wa sisimizi wa ukubwa mbalimbali, humnyooshea kidole yule mwenye kichwa kikubwa kuliko wenzake na kumwita malkia. Wavunaji wanachanganya sana kwa hilo, maana vibarua wao wakubwa wana vichwa vipana vilivyojaa misuli ya taya za kupasulia mbegu. Huyo ni mtumishi aliyepewa kazi nzito, basi. Kosa la pili ni tumbo, nalo limetokana na mchwa. Aliyewahi kuona kichuguu kikibomolewa anamkumbuka yule malkia mweupe, tumbo limevimba likawa kama kidole, hawezi hata kutembea. Mchwa ni ukoo mwingine kabisa, ulio karibu na mende, na malkia wa sisimizi aliyetoka kuruka hafanani naye hata kidogo. Ni mwepesi, anakimbia, tumbo lake ni kubwa kiasi tu. Tena kibarua aliyeshiba maji matamu anaweza kuvimba tumbo kumshinda malkia mwenye njaa. Kosa la tatu ni mabawa. Mabawa hayamthibitishi malkia kwa sababu madume nao huyabeba, na kukosekana kwake hakumwondolei mtu shaka, kwa kuwa malkia akishapandwa huyavunja mwenyewe kwa miguu na kuyaacha mchangani. Malkia wa biashara, wale wa ndani ya mirija, karibu wote hawana mabawa.

Ukubwa wa mwili wote kwa jumla unasaidia, ila unasaidia pale tu unapojua spishi na una kibarua wa kumlinganisha. Malkia wa Messor cephalotes ana urefu wa zaidi ya sentimita mbili. Malkia wa spishi nyingine ana milimita saba, na kibarua wa spishi ya tatu anawapita wengi wa aina hiyo. Ofisa aliyefundishwa kwamba malkia ni mkubwa atawakamata vibarua wa spishi kubwa na kuwapitisha malkia wa spishi ndogo. Kigezo cha namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na kigezo, kwa sababu kinampa mtu ujasiri asiostahili.

Kifua ni kingine. Mtazame kibarua kwa ubavuni. Kuanzia shingoni hadi kiunoni, mgongo wake ni mwembamba na mara nyingi umelala chini, vipande vyake vimeungana hata mistari ya mipaka haionekani vizuri, na sehemu pana kuliko zote ni ile ya mbele, iliyo jirani na kichwa. Mtazame malkia. Sehemu ya katikati ya kifua imepanda juu kama nundu ya ng'ombe, na ukiitazama kutoka juu unaona mabamba yaliyogawanyika waziwazi, bamba moja pana mbele na jingine dogo nyuma yake, na mistari iliyochorwa kati yake. Mwaka 2014 watafiti Roberto Keller, Christian Peeters na Patrícia Beldade walichapisha katika jarida la eLife ulinganisho wa vifua vya sisimizi wa spishi nyingi, wakaonyesha kwamba tofauti hii haitokani na malkia kuwa kibarua aliyekuzwa. Ni miili miwili iliyojengwa kwa kazi mbili. Kwa kibarua, pingili ya kwanza ya kifua imepanuliwa na kujazwa misuli ya shingo, na hiyo ndiyo inayompa nguvu ya kuinua mzigo mzito kuliko mwili wake. Kwa malkia, pingili ya pili imetawala, kwa sababu humo ndimo inamokaa misuli ya kurushia mabawa. Malkia na kibarua wanaweza kutoka katika mayai yanayofanana. Lishe na malezi wakiwa funza ndiyo mara nyingi huwatenganisha. Wakishatengana, kifua hakidanganyi tena.

Kifuani humohumo kuna ushahidi wa pili, ambao mahakamani ungekuwa na uzito mkubwa: makovu. Malkia akivunja mabawa, panabaki vijipande na vitundu pande zote mbili za nundu, mahali mabawa yalipokuwa yameshikizwa. Lenzi ya kukuza mara kumi, ile wanayoitumia wanafunzi wa mimea, inatosha kuyaona. Kibarua hajawahi kuwa na mabawa, hivyo hana kovu la kuonyesha. Mwenye makovu aliwahi kuruka, na kama kifua chake ni cha jike, basi ni malkia, na kuna uwezekano mkubwa kwamba amekwisha kupandwa. Dalili ya tatu iko kichwani, lakini inahusu macho. Mbali na macho mawili makubwa ya pembeni, malkia huwa na vijicho vitatu vidogo utosini, vilivyopangwa kwa pembetatu, ambavyo vibarua wa spishi nyingi hawana. Hiyo ni dalili ya kuthibitishia, wala sitamshauri mtu aanze nayo, kwa kuwa mwanga ukiwa hafifu kijicho kinafanana na chembe ya vumbi.

Nimewataja madume, na inafaa kumalizana nao haraka. Dume ana mabawa na kifua kinene, lakini kichwa chake ni kidogo mno kwa mwili huo, macho yametokeza, taya ni dhaifu, na mwili umechongoka kama wa nyigu mwembamba. Hana thamani sokoni. Kuhusu kumbikumbi, ambao huruka katika majira hayohayo na kuzunguka taa zilezile, mkaguzi aangalie kiuno na papasi. Sisimizi ana kiuno kilichobanwa na papasi zilizopinda kama kiwiko. Kumbikumbi hana kiuno, papasi zake zimenyooka, na mabawa yake manne yana urefu mmoja.

Mwanabaiolojia anayesoma haya atakuwa na pingamizi mdomoni tayari, na ni pingamizi la haki. Kuna malkia wasio na kifua nilichokieleza. Malkia wa siafu hajawahi kuwa na mabawa, ni kipofu, kifua chake ni chembamba, na tumbo lake ni kubwa ajabu. Siafu wa Afrika ndio wenye malkia wakubwa kuliko sisimizi wengine wote wanaojulikana, wanaofikia sentimita tano na kutaga mayai mamilioni kwa mwezi. Sungusungu wanaovamia mchwa kwa misafara, Megaponera analis, wana malkia asiye na mabawa ambaye kwa haraka utamdhania kibarua mnene. Ziko hata spishi, kama Ophthalmopone berthoudi ya kusini mwa Afrika, ambazo hazina malkia kabisa, na vibarua wachache hupandwa na kutaga. Mbele ya orodha kama hiyo, kanuni ya kifua inabaki na faida gani?

Inabaki na faida yote tunayoihitaji, na sababu yake ndiyo kiini cha makala haya. Malkia anayeuzwa ndani ya mrija lazima awe yule anayeweza kuanzisha kundi peke yake, bila msaada wa kibarua hata mmoja. Anafanyaje? Anachimba, anajifungia, anataga, na kwa wiki kadhaa hali kitu. Chakula cha funza wake wa kwanza anakitoa mwilini mwake, katika mafuta aliyoyaweka akiba na katika ileile misuli ya kurukia, ambayo sasa haina kazi na huyeyushwa polepole. Ile nundu, kwa maneno mengine, ni injini iliyogeuka ghala. Kinachomfanya malkia aonekane malkia ndicho kinachomfanya asafirishike. Malkia wa siafu hawezi hilo. Kundi lake huzaliana kwa kugawanyika, kila upande ukiondoka na jeshi lake, na ukimtia peke yake katika mrija anakufa. Malkia wa sungusungu naye huhitaji vibarua pembeni yake. Spishi zinazoivunja kanuni ya kifua, kwa sehemu kubwa, ni zilezile ambazo mfanyabiashara wa mirija hana haja nazo. Kanuni yenye mapengo mahali ambapo mwizi hapiti ni kanuni inayofaa kazi ya ulinzi, hata kama haimridhishi mtu wa maabara.

Pingamizi jingine ni la mwenye shamba, na si la kudharauliwa. Wavunaji hubeba mbegu, husafisha majani kuzunguka vichuguu vyao, huuma. Kwa nini taifa litumie fedha kumlinda mdudu msumbufu? Yako majibu yaliyokwisha kupimwa kwenye ardhi yetu wenyewe. Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1950 watafiti wameeleza jinsi majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wanavyoilinda minazi dhidi ya mdudu Pseudotheraptus wayi, ambaye hufyonza vidaka vikapukutika kabla ya kukomaa. Majimoto wakikaa mtini, mnazi hubaki na nazi. Wakifukuzwa na sisimizi wa aina nyingine, nazi hupungua. Aliyeumwa na majimoto akipanda mti hatawapenda kamwe, lakini mkulima mwenye hesabu hawachomi moto.

Mfano wa Laikipia ni mzito zaidi. Januari 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Ol Pejeta kuhusu sisimizi wavamizi wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala. Wavamizi hao waliwaangamiza sisimizi wenyeji wanaoishi kwenye migunga na kuilinda kwa kuwauma tembo puani. Migunga ilipobaki bila walinzi, tembo waliivunja na kuila. Nyika ikawa wazi, simba wakakosa pa kujificha, na sehemu ya pundamilia katika mawindo yao ikashuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020, simba wakageukia nyati. Mdudu wa milimita chache alibadilisha chakula cha mfalme wa mwitu. Sitaki kusema kwamba kuondolewa kwa malkia wa wavunaji Naivasha kutaleta jambo kama hilo. Ninachosema ni kwamba hatuna tena ruhusa ya kudhani kuwa sisimizi hawana maana.

Laikipia inatufundisha pia kwamba ukaguzi una pande mbili. Tunazungumza sana juu ya malkia wanaotoka, na kidogo sana juu ya wanaoingia. Sisimizi wa moto wa Amerika Kusini, Solenopsis invicta, waliingia Marekani kupitia bandari ya Mobile katika miaka ya 1930, na hadi leo majimbo ya kusini yanawalipia gharama. Udongo wa maua ya chungu, magogo, na sasa vifurushi vya wafugaji wa wadudu, vyote vinaweza kumleta malkia Mombasa au Dar es Salaam. Mkaguzi akikuta vibarua kumi kwenye kontena, ana usumbufu. Akikuta malkia mmoja, ana dharura. Asiyeweza kuwatofautisha atazichukulia hali mbili hizi sawasawa, na uzoefu wa ofisi zetu unaniambia kwamba atazichukulia kama usumbufu.

Kuna wanaosema, na hesabu inawaunga mkono, kwamba malkia wengi hufa hata bila msaada wa mwizi. Ndege, mijusi, buibui na sisimizi wengine huwala. Katika mamia yanayoruka, huenda mmoja akafikia kuwa na kundi lililokomaa. Kwa hiyo 5,000 walioibwa wangekuwa, mwisho wa yote, vichuguu vichache tu. Nakubali kwamba idadi peke yake haithibitishi maangamizi. Lakini mwokotaji hachoti kutoka katika lile kundi zima linaloruka. Anamchukua aliyekwisha kuvuka hatari za angani, aliyekwisha kupandwa, aliyekwisha kuvunja mabawa na kutafuta pa kuchimba, ambaye nafasi yake ya kuishi imeongezeka kuliko ya wenzake. Na anawachukua mahali palepale, msimu baada ya msimu, kwenye mashamba yanayofikika kwa gari. Hasara ya namna hiyo hailingani na ile ya mjusi, ambaye hula akashiba akaenda zake. Tena sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuandikwa kwa ajili ya spishi zinazokaribia kutoweka tu. Kesi hii iliihusu pia mali ya kibaolojia: nani ana haki ya kuichukua, na nani anafaidika. Itifaki ya Nagoya, ambayo Kenya imeiridhia, inasema wenye nchi washirikishwe. Jambo hilo linabaki kuwa kweli hata kama malkia ni wengi kama mchanga.

Je, basi tuwaruhusu vijana wa Naivasha na Gilgil waokote na kuuza kwa kibali, badala ya kuwatoza faini? Sipingi wazo hilo kwa pupa. Malkia anayetunzwa vizuri na kutozwa kodi anaweza kuwa chanzo cha kipato, na ni unafiki kumwambia mtu asiye na kazi kwamba mdudu wa pauni 170 apite mbele yake bila kuguswa ilhali hakuna anayemlipa kwa kumlinda. Ila biashara halali inahitaji kumjua malkia zaidi ya marufuku inavyohitaji. Marufuku ni nyepesi: kila mrija umekatazwa. Kibali kitataka mtu aseme ni spishi gani, ni malkia wangapi, wamepandwa au la, wametoka eneo gani, na kama idadi iliyoandikwa kwenye karatasi inalingana na iliyomo ndani ya sanduku. Wakati kesi ya Kahawa inaamuliwa, hapakuwa na spishi hata moja ya sisimizi katika orodha za mkataba wa CITES, kwa hiyo ofisa wa uwanja wa ndege wa ng'ambo hakuwa na sababu ya kuuliza. Mlango wa kwanza wa ukaguzi ulikuwa wetu, na ulikuwa wa mwisho pia.

Pingamizi lililobaki ni la hofu: tukiwafundisha watu wote kumtambua malkia, si tunawafundisha wezi? Ningelichukua kwa uzito kama wezi wangekuwa bado wanajifunza. Hawa walijua msimu, wakajua ardhi, wakajua kiasi cha pamba na hewa cha kumweka malkia hai safarini kwa muda mrefu. Elimu hii haijafichwa popote; wafugaji wa sisimizi duniani wanabadilishana picha za makovu ya mabawa kila siku. Waliobaki gizani ni upande wetu. Ukimya unamlinda yule anayejua dhidi ya yule asiyejua.

Kinachohitajika hakigharimu sana, na ndiyo maana kuchelewa kwake kunaudhi. Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya na wakaguzi wa mimea wa KEPHIS, pamoja na wenzao wa mamlaka ya afya ya mimea nchini Tanzania, wanaweza kuandaa ukurasa mmoja wenye michoro miwili mikubwa, kifua cha kibarua na kifua cha malkia, kwa ubavuni na kwa juu, na kuubandika katika kila chumba cha ukaguzi wa mizigo kuanzia Jomo Kenyatta hadi Namanga. Lenzi ya mara kumi iwe sehemu ya vifaa vya zamu, kama tochi ilivyo. Ofisa akishuku, apige picha tatu penye rula, moja ya ubavuni, moja ya juu ya kifua na moja ya uso, azitume Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambako kuna wataalamu wa wadudu wa kutaja spishi. Kazi ya ofisa si kuitaja spishi. Hilo litamshinda, na halimhusu. Yake ni kusema kama huyu ni malkia au siye, na kuuzuia mzigo mpaka jibu lije. Atakosea mara chache kwa sungusungu, na hakuna atakayeumia kwa kosa hilo isipokuwa vidole vyake.

Shuleni vilevile, mada ya wadudu hufundishwa kwa mchoro wa panzi, kichwa, kifua na tumbo, ambao mwanafunzi huukariri na kuusahau. Mwalimu anaweza kuuongezea sisimizi wawili, kibarua na malkia, na kuwauliza wanafunzi ni nani aliyewahi kuruka na wamejuaje. Mvua za masika zikianza, wengine wataupata mtihani huo uani kwao.